Distro Nyepesi kwa Kompyuta za Zamani: Tuanze na Mtu Atakayekaa Mbele Yake

Hotuba kwa walimu wa TEHAMA, mafundi kompyuta na wenye steshenari, Temeke, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Walimu, mafundi wenzangu wa Kariakoo na Makumbusho, akina mama na akina dada mnaoendesha steshenari kuanzia Tandika mpaka Gongo la Mboto, hamjambo? Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua Linux nyepesi kwa kompyuta za zamani. Linux ni mfumo endeshi wa bure unaoweza kushika nafasi ya Windows, nao hutolewa na watu mbalimbali katika vifurushi tofauti vinavyoitwa distro. Jambo hili limenikaa moyoni kwa muda mrefu, kwa hiyo nitaingia moja kwa moja.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Mwanya wa usalama ukigundulika leo, kompyuta yenye mfumo huo haipati kiraka, labda mwenyewe awe amejiandikisha katika mpango wa nyongeza, nao ni wa muda. Windows 11 nayo ina masharti yake: chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) isiyopungua gigabaiti 4, na kwa upande wa Intel, prosesa kuanzia kizazi cha 8. Sasa tazameni mashine zilizo kwenye maabara za shule zetu na kwenye meza zenu. Kuna ThinkPad T420, kuna HP ProBook 4530s, kuna zile Dell OptiPlex 780 nzito zilizotoka maofisini Ulaya. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotimiza masharti hayo.

Matokeo yake mnayaona. Kompyuta inawaka vizuri, kibodi nzima, kioo hakina mstari, lakini inaambiwa imekwisha. Mwalimu mkuu anashauriwa anunue nyingine, na hela hana. Basi maabara inapigwa kufuli, au mashine zinaendelea kutumika na Windows ya kuchakachua isiyopata masasisho, kila flashi inayoingia inatoka na virusi. Naiona hii kuwa hasara isiyo na sababu, maana dawa ipo na ni ya bure. Shida ni kwamba dawa yenyewe hutolewa ovyo, na hapo ndipo ninapotaka tuelewane leo.

Mtu akinijia huniambia, "Fundi, nipe Linux nyepesi kuliko zote." Nyepesi kuliko zote ipo. Inaitwa Tiny Core, faili lake halifiki megabaiti 30 na inawaka karibu kwenye mashine yoyote. Lakini inakuja tupu, hata kivinjari ni lazima ukiongeze mwenyewe, na karani wa steshenari hataweza kuitumia bila kufundishwa upya kila kitu. Wepesi peke yake haumsaidii mtu huyo. Mimi huuliza kwanza: nani atakaa mbele ya kompyuta hii? Atafanya kazi gani? Na ikigoma Jumatatu asubuhi, ataitwa nani? Swali la tatu ndilo linalosahaulika kuliko yote, na ndilo linaloua miradi mingi ya kompyuta za msaada. Anakuja kijana mwenye moyo mwema, anasakinisha distro anayoipenda yeye, anaondoka kwenda masomoni Dodoma au Morogoro, na anayebaki hajui hata nywila ya msimamizi.

Kwa hiyo, kabla ya kutaja jina la distro yoyote, ijueni mashine. Chomeka flashi yenye Linux, iwashe kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa diski, fungua terminali, andika lscpu. Itakuambia kama prosesa inaweza biti 64 au inaishia 32. Andika free -h, utaona RAM. Dakika tano tu. Fundi anayesakinisha bila kufanya hivyo anabahatisha kwa mali ya mtu.

Hilo la biti, yaani ukubwa wa taarifa ambazo prosesa huzishika kwa mara moja, lina uzito sasa kuliko zamani. Core 2 Duo zote, tangu zilipotoka mwaka 2006, ni za biti 64, hivyo msizidharau. Pentium M ni biti 32 tu. Core Duo ya mwanzo, ile isiyo na namba 2, vilevile. Na Atom N270, iliyojaa kwenye kompyuta mpakato ndogo za inchi 10 za miaka ya 2008 na 2009, nayo ni hivyo hivyo. Kwa hizi, mlango unafungwa. Google iliacha kutoa Chrome ya Linux ya biti 32 mwaka 2016. Ubuntu ikafuata mwaka mmoja baadaye kwa kuondoa kisakinishi chake cha kawaida cha biti 32. Debian ndiyo ilikuwa kimbilio, lakini toleo lake la 13, lililotoka Agosti 2025, halina tena kisakinishi cha aina hiyo. Mozilla nayo imeacha kutengeneza matoleo mapya ya Firefox kwa Linux ya biti 32 baada ya toleo la 144. Nawasihi wanaonunua mzigo Kariakoo: mkionyeshwa mashine ya biti 32, hata kwa bei ya kutupa, iacheni. Wale ambao tayari mnazo nitawarudia.

Tukija kwenye RAM, nataka niseme jambo ambalo mafundi wengi hawapendi kulisema kwa sababu linapunguza utamu wa kubishana kuhusu distro. Mfumo wenyewe haujawahi kuwa mzigo mkubwa. Linux yenye eneokazi la Xfce, yaani sura ya madirisha na menyu unayoiona kwenye kioo, ikiwa imetulia, hula kati ya nusu gigabaiti na gigabaiti moja. LXQt, eneokazi jingine, hula pungufu kidogo. antiX, distro nyepesi nitakayoieleza baadaye, ikiwa na kisimamizi cha madirisha cha IceWM hula kama robo ya gigabaiti. Kisha mtumiaji anafungua Firefox, barua pepe, YouTube, mfumo wa serikali anaojazia taarifa za wanafunzi, na WhatsApp ya kwenye kivinjari. Hapo gigabaiti moja na nusu imekwenda, na distro haikuulizwa. Unaweza kupunguza uzito wa bodi la daladala utakavyo, lakini abiria wa Mbagala jioni ni wale wale.

Ndiyo maana nasema kwa uhakika: ukiwa na pesa kidogo, iende kwenye RAM na SSD (diski isiyozunguka) kabla hujabadilisha distro mara ya pili. Mashine yenye gigabaiti 2 ikifikishwa 4, mtumiaji anaona tofauti siku hiyo hiyo. Diski ya kuzunguka ikitolewa na kuwekwa SSD ya gigabaiti 120, hata Core 2 Duo inaanza kuitika. Kompyuta nyingi za wakati huo hutumia RAM za DDR2 au DDR3, na kwa mafundi wetu DDR3 ya mtumba si kitu cha kutafuta kwa tochi: zinatolewa kwenye mashine zilizokufa ubao mama. Tuvizoee vipuri hivyo. Kompyuta mbili mbovu zinazotoa moja nzima ni afadhali kuliko zote mbili kuishia dampo la Pugu Kinyamwezi na madini yake ya sumu ya risasi ndani.

Na pale ambapo RAM haiongezeki, washeni zram. Ni uwezo ulio ndani ya kerneli, kiini cha Linux, wa kubana yaliyomo kwenye kumbukumbu badala ya kuyakimbizia diskini. Kwenye mashine ya gigabaiti 2 yenye diski ya kuzunguka, zram inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kufanya kazi na kukwama. Kwenye Firefox wekeni uBlock Origin, maana matangazo hula RAM na hula bando pia. Kuhusu YouTube, tatizo mara nyingi si intaneti. Siku hizi video hutumwa kwa mifumo ya VP9 au AV1 ambayo kadi za picha za zamani haziijui, hivyo prosesa inabeba kazi yote, feni inalia na picha inakatika. Kuna kiongezi kiitwacho h264ify kinachoilazimisha YouTube kutuma H.264, ambayo kadi nyingi za zamani zinaiweza. Kiwekeni, shusheni ubora wa video, na mwalimu ataweza kuwaonyesha watoto somo lake.

Sasa niingie kwenye majina, na nitasema ninachokiamini.

Mimi ni mtu wa ukoo wa Debian, na nina sababu. Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Ubuntu imejengwa juu yake tangu 2004, ikianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Linux Mint, ya Clement Lefebvre, ilianza 2006 juu ya Ubuntu. antiX imejengwa juu ya Debian, na mwaka 2014 watu wa antiX na waliokuwa wa distro ya MEPIS waliungana wakatoa MX Linux. Kwa fundi wa Temeke hii ina maana moja kubwa: ukijua kuitunza moja, umezijua zote kwa sehemu kubwa. Amri ni zile zile za apt, chombo cha kusakinisha programu, faili za mipangilio ziko mahali pale pale, na kijana uliyemfundisha kwenye Mint hatapotea akikutana na MX.

Mashine yenye gigabaiti 4 au zaidi na biti 64, mimi naipa Linux Mint ya Xfce bila kusitasita. Wenyewe wanasema kiwango cha chini ni gigabaiti 2 na wanapendekeza 4, na uzoefu unakubaliana nao. Aliyezoea Windows 7 anaona menyu chini kushoto, anaona saa chini kulia, anaanza kazi. Masasisho yanaeleweka hata kwa asiye fundi. Toleo la 22 litahudumiwa mpaka 2029, na hilo kwangu ni jambo zito. Msiangalie tu kama distro inawaka leo, ulizeni itapata viraka mpaka lini. Lubuntu na Xubuntu 24.04 ni nzuri, nimeziona zikifanya kazi vizuri, lakini huduma yake ni ya miaka mitatu, inaishia Aprili 2027. Ukiiweka kwenye shule ya kule Chanika ambayo hutarudi hivi karibuni, umewaachia tatizo lenye tarehe.

Gigabaiti 2, biti 64: MX ya Xfce, au Debian 13 yenyewe na LXQt. Debian hupata jumla ya miaka mitano hivi ya viraka, mitatu ya kawaida na miwili ya mpango wa muda mrefu, hivyo toleo la 13 linatufikisha 2030. Kwa miaka mingi watu waliikimbia Debian kwa sababu waifai ilikuwa haiwaki baada ya kusakinisha. Tangu toleo la 12, la Juni 2023, kisakinishi rasmi kinakuja na programu za vifaa zisizo huria ambazo kadi nyingi zinahitaji, na lawama hiyo kwa sehemu kubwa imekwisha. Zinazobaki kuwa korofi ni baadhi ya kadi za zamani za Broadcom. Ukikutana nayo, usihangaike: chomeka simu yako kwa waya wa USB, washa sehemu ya kushirikisha intaneti, na Linux itaiona simu kama kadi ya mtandao. Pakua kinachohitajika, maliza, chomoa.

Gigabaiti 1 ni antiX. Iko wazi kabisa kwangu. Imetengenezwa na watu wanaoamini kwamba kompyuta ya zamani ina haki ya kuendelea kuishi, na imani hiyo inaonekana katika kila kona ya mfumo wao. Ina menyu nyingi na sura yake haivutii mara ya kwanza, kwa hiyo fundi afanye kazi ya ziada: aondoe vikorokoro visivyotumika, aache aikoni nne au tano kubwa kwenye eneokazi. Mzee anayekuja kuandika barua ya maombi asikutane na majina ya programu asizozijua.

Najua kuna watakaoniuliza kuhusu Puppy, na nina heshima nayo. Barry Kauler wa Australia aliianzisha mwaka 2003. Inajipakia yote kwenye RAM na inakwenda kasi ya kushangaza hata kwenye kompyuta isiyo na diski. Kwa fundi, kama flashi ya uokoaji ya kutolea faili za mteja kwenye mashine iliyokataa kuwaka, ni hazina. Lakini kwenye kompyuta ya mezani ya shule, hapa Dar, siipendekezi. Mtindo wake wa kukaa kwenye RAM una maana kwamba kazi nyingi huandikwa kwenye faili la akiba mara kwa mara au wakati wa kuzima. Sisi tunajua umeme wetu. Luku ikiisha au TANESCO ikikata, kompyuta isiyo na UPS (betri ya akiba) inazimika pale pale, na mtoto aliyechapa insha tangu asubuhi anaweza kuipoteza yote. Mfumo uliosakinishwa diskini kwa mfumo wa faili wa ext4 una kumbukumbu ya mabadiliko inayousaidia kuamka salama baada ya kukatika ghafla, na LibreOffice, programu huria ya ofisi, nayo huweka nakala za kujiokoa. Sababu ya pili: Puppy kwa kawaida humwingiza mtumiaji kama root, mwenye mamlaka yote. Darasa la watoto arobaini halipewi mamlaka hayo.

Nikitaja umeme nimekumbuka betri ndogo ya kwenye ubao mama, CR2032. Ikifa, kila umeme ukikatika saa ya kompyuta inarudi miaka mingi nyuma, na kivinjari kinakataa tovuti kwa kudai vyeti vyake si halali. Nimesikia watu wakiilaumu Linux kwa hilo. Badilisheni betri, rekebisheni tarehe.

Niwageukie wenye steshenari, maana ninyi mnaishi kwa karatasi, na kazi yenu haisamehe. Hofu yenu kubwa naijua: mteja analeta barua aliyoichapa kwa Word ofisini, mkiifungua kwa LibreOffice kurasa mbili zinakuwa mbili na nusu, na anadhani mmemharibia. Mara nyingi chanzo ni fonti. Linux haina Calibri wala Times New Roman za Microsoft, hivyo huweka nyingine yenye upana tofauti na mistari inahama. Lakini zipo fonti huru zilizotengenezwa kwa vipimo vile vile: Carlito mahali pa Calibri, Caladea mahali pa Cambria, na familia ya Liberation mahali pa Times New Roman, Arial na Courier New. Zisakinisheni siku ya kwanza, kabla mteja hajaingia. Barua nyingi, wasifu na fomu za maombi zitakaa mahali pake. Majedwali magumu na faili zenye makro bado yatasumbua, na kwa hizo ni busara kumwomba mteja alete PDF.

Printa ndiyo mtihani wa kweli. HP nyingi zinafanya kazi kwa programu ya HPLIP, ila baadhi, kama LaserJet P1102 ambayo mnazo wengi, huhitaji kipande cha ziada cha kupakua. Amri ya hp-plugin inaifanya kazi hiyo, mradi intaneti iwepo. Canon LBP2900 ni ngumu zaidi, kwa sababu inatumia lugha yake ya CAPT, na kuiwasha kwenye Linux kunahitaji subira. Kwa hiyo agizo langu kwenu ni hili: chomekeni printa yenu na skana yenu wakati Linux bado iko kwenye flashi. Ikichapa, endeleeni. Ikikataa, msifute Windows yenu kwa sababu fundi amewaambia itakaa sawa baadaye. Duka lisilochapa halilipi kodi ya pango.

Kuna faida moja ambayo naisema kwa furaha. Flashi za wateja wenu zinakuja na ule ugonjwa wa shotikati, faili zimefichwa na mahali pake kuna vivuli tu. Kwenye Linux virusi hivyo vya Windows haviamki, na faili zilizofichwa mnaziona na kuzinakili. Steshenari yenye mashine moja ya Linux ya kufungulia flashi inawahudumia wateja wake kwa uaminifu mkubwa zaidi.

Walimu, sasa ni zamu yenu, na hapa nitakaa kidogo. Maabara haiendeshwi kama kompyuta ya mtu mmoja. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni maabara yenye mashine kumi na distro nne, kwa sababu kila aliyepita aliweka ya kwake. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwalimu akifundisha "bonyezeni hapa," nusu ya darasa hawana hapo. Chagueni moja inayobebwa na mashine yenu dhaifu kuliko zote, iwekeni kwenye zote, hata zile zenye nguvu. Mnapoteza madoido kidogo, mnapata darasa linalokwenda pamoja.

Na hamna haja ya kupanga mashine moja moja. MX na antiX zina chombo cha kuchukua picha ya mfumo mzima. Unaiandaa kompyuta moja kwa utulivu: LibreOffice, fonti, mazoezi ya kibodi, printa ya shule, lugha. Kisha unaendesha chombo hicho, na mfumo wako wote unageuka faili la ISO, yaani nakala kamili ya kusakinishia. Mnachagua ile hali ya kusafisha akaunti binafsi, ili nywila zenu zisisafiri nalo. Mnaliandika kwenye flashi, na kila mashine inapata maabara ile ile. Mwaka kesho kompyuta ikiharibika, flashi iko kabatini na jibu liko ndani yake.

Bando la masasisho ni kilio cha kila shule. Kompyuta ishirini zikipakua kiraka kile kile mara ishirini, fedha ya mtandao inakwisha wiki ya kwanza. Wekeni apt-cacher-ng kwenye mashine moja yenye diski nzuri. Inakaa kati ya maabara na intaneti: kompyuta ya kwanza ikiomba faili, inalipakua na kulihifadhi, na zile nyingine zinalichukua humo ndani kupitia swichi bila kugusa bando. Ni programu ndogo, ya bure, na inafanya kazi hata kwenye Core 2 Duo.

Mashine hiyo hiyo iwekeeni Kiwix. Kiwix huhifadhi Wikipedia nzima, ya Kiswahili na nyinginezo, na kuigawa kwenye maabara bila intaneti kabisa. Mwanafunzi anafungua kivinjari, anaandika anwani ya seva ya shule, anasoma. Na hapa ndipo zile kompyuta za biti 32 nilizoahidi kuzirudia zinapata kazi. antiX 23, iliyojengwa juu ya Debian 12, ipo ya biti 32, na Debian 12 yenyewe iko kwenye mpango wa viraka wa muda mrefu mpaka Juni 2028. Msizitoe nje kwenye intaneti kubwa. Ziunganisheni kwenye seva ya ndani, ziwe za kusomea na za kujifunzia kuchapa kwa AbiWord, programu nyepesi ya kuandikia. Atom N270 yenye gigabaiti 1 inaweza kufungua ukurasa wa Wikipedia wa ndani bila taabu. Benki na mitandao ya kijamii, hapana.

Lugha nayo si pambo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, hapa hapa mjini kwetu. LibreOffice ya leo ilichipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010. Kwa hiyo mwalimu anayefundisha watoto kwa Kiswahili kwenye programu huria anaendeleza kazi iliyoanzwa na watu wetu. Palipo na tafsiri itumieni, na penye tafsiri mbovu au pengo, ninyi walimu ndio mnaoweza kuirekebisha, maana miradi hii hupokea michango ya yeyote.

Jambo la mwisho kabla hatujagusa mashine. Kila kompyuta mtakayoisakinisha, ibandikeni karatasi ubavuni: jina la distro na toleo, mwezi na mwaka huduma yake inapoisha, na cheo cha mtu mwenye nywila ya msimamizi. Nywila yenyewe iwe kwenye bahasha ofisini kwa mkuu wa shule au mwenye duka. Msiiandike kwenye karatasi hiyo.

Sasa mzifungue mashine mlizokuja nazo. Meza ya dirishani ni ya gigabaiti 4 na kuendelea, tutaanza nazo kwa Mint. Meza ya katikati ni gigabaiti 2. Wenye gigabaiti 1 na wenye biti 32 njooni huku kwangu, flashi za antiX zipo. Mliokuja na printa za CAPT kaeni karibu na soketi, kwa sababu ninyi mtachukua muda mrefu kuliko wote. Karibuni, aliye na swali aanze.